Maua Niliyoyakata Butimba

Mama alipohama Ukerewe kuja kuishi kwangu mjini, alikuja na begi moja la nguo na kiroba cha mizizi ya maua. Mizizi yenyewe ilikuwa minene, yenye vifundo kama tangawizi, bado imeshika udongo wa uani kwake. Ni yale maua yenye majani mapana kama ya mgomba mchanga, ambayo wauza miche wa mjini wanayaita kana. Mama alikuwa nayo tangu sisi wadogo. Alikigawa kiroba sawasawa, nusu yangu, nusu ya mdogo wangu wa kike, maana tumebaki wawili tu.

Mimi naishi Mabatini, juu kwenye mawe. Ukichimba uani kwangu, jembe linagonga mwamba kabla hata halijazama. Kwa hiyo niliomba ndoo tupu za rangi kwa mafundi, nikazitoboa chini, nikachanganya udongo na samadi, nikapanda. Zilikuwa ndoo saba. Nilizipanga nyuma ya nyumba, penye nafasi, chini ya jiwe kubwa. Mdogo wangu yuko Butimba, kwenye kiwanja tambarare upande wa ziwani. Yeye aliifukia mizizi kando ya mfereji wa maji ya jikoni, akaendelea na shughuli zake.

Mvua zilipokwisha, kana zake zilikuwa zimempita kimo. Maua mekundu, mengine yana madoa ya njano, yamejaa ukuta mzima. Wapita njia walisimama kupiga picha. Zangu zilikuwa na majani tu. Nilipanda mlima na dumu la maji kichwani asubuhi na jioni, nikazipa maji kuliko nilivyojipa mwenyewe, na hazikutoa hata kichomozi kimoja cha ua.

Kila Jumapili baada ya ibada tulikwenda Butimba. Macho ya mama yalikuwa na mtoto wa jicho, tunasubiri zamu ya upasuaji. Sura alizikisia, lakini rangi alizipata. Alikuwa akiomba kiti chake kiwekwe karibu na maua, akae hapo mpaka tunaondoka. Njiani kurudi mazungumzo yalikuwa ni hayo hayo maua.

"Mwenzako ana mkono wa kupanda," aliniambia. "Umeona zilivyo nyekundu? Kama za kwangu kule."

"Nimeona, mama."

Mimi ndiye niliyempikia uji, nikamkata kucha, nikampeleka kliniki na kumrudisha. Hakuna siku aliyoniambia nina mkono wa kitu chochote. 

Kiangazi hicho mdogo wangu alifiwa na baba mkwe, yeye na mumewe wakaenda Geita wiki mbili. Aliniachia ufunguo wa geti. "Dada, unimwagilie tu yale maua," akasema. "Mengine yote yaache."

Siku tatu za kwanza nilimwagilia vizuri. Siku ya nne nilikwenda na kisu cha jikoni kwenye mkoba. Sitasema sikujua ninachofanya. Kisu nilikitia mwenyewe nikiwa nyumbani. Nilikata shina moja baada ya jingine, yenye maua na yenye vichomozi, mpaka pakabaki visiki vinavyotoa maji. Nikafunga mzigo kwa kanga, nikapanda nao Mabatini.

Niliyaweka kwenye jagi mezani. Mama akatoka chumbani akipapasa ukuta, akasimama.

"Hizo rangi ni nini?"

"Maua, mama. Yale ya kwenye ndoo yamechanua."

Nyuma kwenye ndoo hakuwahi kufika, ngazi zilimshinda. Alikaa, akalivuta jagi, akayashika maua moja moja kwa vidole. Akacheka kama ambavyo sijamsikia akicheka tangu aje mjini. Kisha akasema, "Mpigie mdogo wako. Mpigie sasa hivi."

Nikapiga, nikaweka sauti kubwa. "Maua ya dada yako yamechanua!" mama akamwambia. "Mekundu tele, jagi limejaa!"

"Hongera dada," mdogo wangu akajibu kutoka msibani, sauti imemkauka kwa kulia. "Nimefurahi sana. Ulihangaika nayo mno."

Sikulala vizuri tena mpaka waliporudi.

Mdogo wangu alikuja jioni ile ile waliyofika. Akamwamkia mama, "Shikamoo mama," mama akaitika marahaba. Mimi hakuniamkia. Haijawahi kutokea maishani mwetu. Aliyatazama maua, wakati huo yamenyauka na kudondosha petali mezani, akapita moja kwa moja hadi nyuma ya nyumba. Nikamfuata.

"Dada, ungeniomba," akasema. "Ningekupa yote. Kwa nini ulimdanganya mama?"

 Aliinama kwenye ndoo, akashika jani, akaangalia juu. "Halafu umeziweka chini ya jiwe. Jua linafika hapa saa ngapi? Na mizizi imebanana, ndoo zinataka kupasuka." Alilisema hilo kwa hasira zaidi kuliko lile la kwanza. Akaomba ufunguo wake, akashuka.

Usiku huo nilimweleza mama kila kitu. Nilitegemea anigombeze. Aliuliza tu, "Ulikata hata yale ambayo hayajafunguka?" Nikasema ndiyo. Asubuhi akaniomba nimpeleke Butimba, akakae huko kwa muda. Nilimfungia begi mwenyewe.

Hakurudi. Upasuaji wa macho ulifanyika akiwa kule, na mtu wa kwanza ambaye mama alimwona vizuri alikuwa mdogo wangu.

Mimi nilizigawa kana zangu, ndoo saba zikawa kumi na mbili, nikazihamishia mbele, juani. Zimetoa maua, machache, ya rangi iliyofifia. Ukuta wa maua wa Butimba ulichipua upya kutoka kwenye visiki na sasa umefika kwa jirani. Nikienda Jumapili nauona, na roho inanichoma vilevile, sasa kwa yote mawili, maua na mama anayekaa katikati yake.

Wiki iliyopita nilimkuta mdogo wangu anachimba mizizi iliyozidi. Hatujawahi kuizungumzia siku ile tena. Aliniamkia bila kuinua kichwa, nikaitika.

"Shika hapa, dada," akasema, "upande wako umekaza."

Nikavua viatu, nikashika, tukavuta.