Mkono Wangu Kwenye Karatasi ya Dresa

Miaka ile ya hamsini nilikuwa mke kijana pale Kiberege. Asubuhi moja niliipua chungu cha wali kwa mikono mitupu. Mama mkwe wangu, aliyekuwa anapepeta mchele karibu na jiko, ndiye aliyesikia harufu ya ngozi inayoungua. Aliushika mkono wangu wa kushoto, akatazama upande wa kidole kidogo, ambako lengelenge lilikuwa linavimba.

"Huumii?"

"Siumii, mama."

Akakaa chini. Hakunikaripia wala hakuita majirani. Kesho yake yeye mwenyewe alinipandisha lori la mpunga, tukaenda Ifakara.

Kwenye kituo cha wagonjwa wa ukoma, Sista alikagua mabaka yaliyokuwa mgongoni mwangu, akasema ugonjwa ni huo, vidonge vipo, ila itabidi nikae. Nililia sana. Mama mkwe aliniachia kanga yake, akaahidi kuwa mahali pangu nyumbani hapatachukuliwa na mtu.

Kila mwezi dresa, yule mfunga vidonda wa kituo, alitupima. Alikuwa mtu mzima kutoka upande wa Mahenge, mpole, na vidole viwili vya mwisho vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimekunjika, havinyooki. Nilifumba macho, akanigusa kwa ncha ya pamba, nami nikaonyesha alipogusa. Kisha akatumia pini, mara ncha, mara kichwa, nami nikasema kama inachoma au haichomi. Alikuwa na karatasi yenye picha ya mkono. Penye ganzi alipaka penseli. Mwisho alipapasa mshipa ulio nyuma ya kiwiko, akaniwekea kipande cha karatasi kati ya kidole kidogo na jirani yake, akakivuta. Kazi yangu ilikuwa kukibana.

Mwezi wangu wa tatu pale kituoni mume wangu alikuja kunitazama, akaniambia mpunga unaiva na ndege wameshaingia shambani. Nilitaka nirudi naye. Kiwiko kilikuwa kinaniuma tangu wiki iliyopita, lakini nilinyamaza, na dresa aliponipima nilichungulia kwa jicho moja. Kila alipogusa nilionyesha sawasawa. Alipogundua, akanifunika uso kwa kitambaa.

"Hapa je?"

"Umegusa hapa," nikasema, nikionyesha kidole kidogo.

"Sijakugusa, dada."

Akaondoa kitambaa, akaweka kile kipande cha karatasi kati ya vidole vyangu. Kilitoka bila kukwama. Nilidhani atanisema. Badala yake aliuweka mkono wake mezani, kando ya wangu.

"Mimi hakuna aliyenipima," akasema. "Vilianza kulegea kidogo kidogo, nikavizoea. Kiwiko kinauma?"

Nikakiri kwamba kinauma.

Siku hiyohiyo Sista alinipunguzia vidonge, akisema mshipa wa kiwiko umevimba, ndio unaolegeza vidole, na dawa nyingi ingeuchochea. Mkono ulifungwa kwenye kibao kwa bendeji, nikakatazwa kuutumia hata kuchota maji. Mume wangu alirudi peke yake. Baadaye nilisikia kwamba mama mkwe, pamoja na uzee wake, ndiye aliyekaa shambani kuwafukuza ndege.

Dresa alinipima kila wiki. Wiki za kwanza karatasi iliendelea kutoka, na nikaanza kukata tamaa. Kisha siku moja alipovuta, ikakwama. Akavuta tena, ikachanika, kipande kikabaki kwake na kingine kwangu. Tulicheka wote wawili, akaandika.

Ganzi ya kidole kidogo haikwisha. Mpaka leo napakua na kuipua kwa kitambaa, na kila jioni naukagua mkono kama una kidonda. Lakini vidole vyote vinanyooka. Nimesuka mikeka, nimebeba watoto, nimeshona nguo za wajukuu.

Siku niliyoruhusiwa kuondoka nilimkuta dresa akimpima mwanamke mgeni, aliyefumba macho. Nilimshukuru. Akaitikia kwa kichwa, akatabasamu, bila kuinua pamba kutoka mkononi mwa yule mama.