Chunusi Wangu, Chunusi Zangu

Jumamosi iliyopita binti yangu alitoka bafuni ameushika uso kwa mikono miwili kana kwamba utadondoka. "Mum, look! It's huge!" Kidevuni palikuwa na kichunusi kimoja, kimevimba, kinang'aa, na Jumatatu darasa lao linapigwa picha. Mimi, badala ya kumhurumia, niliruka kwa furaha. Usinicheke, rafiki yangu. Nilikimbilia kabatini kutafuta leso ya nyanya yangu, ile yenye madoa meupe, kwa sababu hadithi ya leso ile nilikuwa nimeiweka miaka yote nikingoja siku kama hii.

Nami nilikuwa na miaka kumi na miwili, kama yeye sasa. Tulikaa ughaibuni, Richfield, karibu na uwanja wa ndege, kwenye fleti ambayo ndege zilipita juu yake chini sana hata vikombe vikacheza kabatini. Mama alihudumia wazee kwenye nyumba ya kuwatunzia, siku nyingine zamu mbili mfululizo, ndiyo maana nyanya akaja kutoka Pwani ya Kenya kukaa nasi. Sandukuni mwake mlitoka ukwaju, leso sita na makopo manne ya mafuta ya kukamulia, yale ambayo ng'ombe hupakwa chuchu zisipasuke. Kwetu hata binadamu hupakwa. Mtoto akitoka nje ngozi imepauka, aibu si yake, ni ya mama yake! Basi kila asubuhi nilipakwa uso mzima mpaka nikang'aa kama sufuria mpya, nikapanda basi la shule ninanukia zizi.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa kuogelea. Kiangazi kile hatukubanduka ziwani, na nyanya alikaa mbali kabisa na maji, juu kwenye nyasi, akiniita kila mara. "Toka humo, mke mwenzangu! Humo mna chunusi." Mke mwenzangu ndivyo alivyoniita, utani wa nyanya na mjukuu. Nilipomuuliza chunusi ni nani, alinieleza huku akimenya viazi: yuko majini, haonekani, humshika mtu mguu, akamvuta chini, na mtu huyo harudi. Alilisema hilo bila kutabasamu. Mimi nilicheka, nikaendelea kupiga mbizi ng'ambo ya kamba iliyowekwa kuwazuia waogeleaji wasiende kilindini.

Majani yalipoanza kuanguka, uso wangu ukaharibika. Kwanza paji la uso, kisha mashavu, vipele vigumu vyenye joto, vikiniuma nikilalia mto. Nilivikamua kwa kucha, navyo vikaongezeka. Jioni moja nikamsikia mama akiongea kwa simu na shangazi wa Burnsville: "Chunusi zimemshika huyu mtoto, uso mzima, I don't even know nifanye nini."

Laiti ningejua ngeli! Mtu aliyesoma Kiswahili angeisikia ile "zi", akajua ni vipele vinavyosemwa. Kiswahili changu kilikuwa cha kusikia tu, nilijibu kwa Kiingereza, na masikio yangu yalidaka maneno mawili: chunusi, na kushikwa. Nikaamini yule wa majini amenifuata mpaka usoni. Niliikumbuka kila siku niliyovuka ile kamba.

Nikaacha maji. Na ilikuwa wakati mbaya kuliko wote, kwa maana kocha alikuwa amebakiza miezi michache tu achague wasichana wanne wa timu ya kuogelea ya shule, na mimi timu ile niliiota hata mchana. Nilimdanganya kocha kwamba nina mafua. Nyumbani niliacha hata kunawa uso, nikajifuta kwa karatasi, na juu yake yakaja mafuta ya ng'ombe. Mama akiona ngozi inabanduka alisema, "Ni hii heater, inamkausha," akaongeza kopo. Nyanya naye akanipaka dawa ya meno, ikanichoma hadi machozi. Lo! Tulipendana sana, na uso uliendelea kufura.

Aliyetuokoa ni jirani wa chini, Mtanzania, muuguzi kwenye kliniki ya ngozi. Jumapili moja baada ya kanisa alipanda na sahani ya maandazi, akaniona, akaweka sahani chini.

"Mwanangu, uso unaunawa na nini?"

"I don't wash it," nikasema. "The chunusi will pull me in."

Mama na jirani wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nyanya peke yake hakucheka.

Jirani alinipeleka kwenye sinki la jikoni. "Unaona tundu hili? Ukimwaga mafuta kila siku, linaziba. Ngozi yako ina matundu madogo namna hii, na yenyewe hutoa mafuta. Kwa umri wako yanatoka mengi. Yakiziba pamoja na ngozi iliyokufa, vijidudu vinastawi humo, mwili unapigana navyo, ndiyo uvimbe na maumivu. Si uchafu wako, si laana, wala si kwamba umependa mtu, kama watu wasemavyo." Halafu akatoa amri: ninawe uso asubuhi na jioni kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, bila kusugua. Dawa ya vipele ya dukani ipakwe nyembamba, kisha losheni nyepesi isiyoziba matundu. Foronya ibadilishwe, mafuta ya nywele yasishuke kwenye paji. "Na usikamue! Unausukuma uchafu ndani, na ngozi yetu haisahau upesi, doa jeusi linakaa miezi. Hesabu wiki, usihesabu siku. Zikitokea kubwa za ndani, au zikianza kuacha makovu, mje kwa daktari."

Nyanya alizishika amri zile kama askari. Makopo ya mafuta yakahamia miguuni. Mkono wangu ukipanda shavuni, ulipigwa kofi. Siku moja nilijifuta uso wenye dawa kwa leso yake nzuri kuliko zote, na ilipofuliwa ikatoka na madoa meupe, kwa maana dawa ile hupausha nguo. Nilimpelekea mwenyewe. Yeye aliigeuza, akaitazama, akasema, "Haya, sasa ni yako."

Wiki ya nane uvimbe ulikuwa umetulia, yamebaki madoa. Siku ya kuchaguliwa ikafika. Bwawa la shule lilikuwa ndani, nje theluji, mama amekuja na sare zake za kazi, nyanya na makoti mawili. Tangu nilipoacha sikuwa nimerudi majini; nilisimama ukingoni na mguu ukakataa. Ngeli nilishaelezwa, kichwa kilijua, ila mguu haukujua! Kocha aliita jina langu mara mbili.

Ndipo nyanya akashuka kutoka kwenye viti. Akavua buti, akavua soksi za sufu, akaketi ukingoni na kutumbukiza miguu yote miwili majini. Ilikuwa inatetemeka, niliiona.

"Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga," akasema. "Ingia, mke mwenzangu. Akija, ataanza na mimi."

Nikaruka! Sikumbuki mikono yangu, nakumbuka kelele tu. Nilitoka wa nne, na wanne ndio waliotakiwa, na nyanya akapiga vigelegele hata kocha akatazama juu akidhani ni king'ora cha moto.

Ndani ya gari, nyanya amesinzia, mama akaninong'oneza. Nyanya alikuwa na kaka. Alizama mtoni wakiwa watoto, yeye yuko kwenye ukingo anatazama. Tangu siku ile hakuwahi kutia mguu kwenye maji yazidiyo beseni.

Nyanya alirudi kwao, na ameshatutoka. Fleti ile sasa wanakaa wengine, na jirani alihamia Oakdale. Binti yangu aliisikiliza hadithi yote amejifunika leso ya madoa, akacheka mahali pa kucheka, akapaka dawa yake nyembamba. "So mine is zi?" akauliza. Zi, mama, nikamwambia, na usiikamue.

Yule mwingine, wa majini, mimi ni mtu mzima niliyesoma, ninajua hayupo. Lakini kiangazi kikifika tukashuka ziwani, binti yangu haingii kwanza. Hunisubiri nivue viatu, niketi ukingoni, nitie miguu.