Mama wa Darubini

Mwaka ule mfagizi alipoanza kazi maabara, la, ni uliofuata, mjukuu wake akiwa keshalazwa kwa saratani ya damu, ndipo alipomzoea mama wa darubini. Mama huyo humfunika kitambaa panya aliyelazwa usingizi kwa dawa, kama anayembembeleza mtoto, kisha huchungulia ndani ya mfupa wake akibana pumzi, eti picha isitikisike.

"Mzee, hebu weka ufagio uone."

Kwenye kioo cha kompyuta, vidoa vya kijani vilitambaa ndani ya uboho wa mfupa, vikasita, vikageuka.

"Chembe za damu hizo, tumezitia rangi. Zinatembea."

"Zinakwenda wapi?"

"Ndilo tunalotafuta, babu." Akainamia tena darubini, akabana pumzi.

"Na za mjukuu wangu," mzee akauliza, "zimepotea njia, au hazikuonyeshwa?"