Namba Saba Tulikuwa Wawili

Je, mtu anaweza kusema ukweli mtupu na bado awe amedanganya? Swali hilo lilininyima usingizi siku nne mfululizo mwezi uliopita, na wa kulaumiwa ni Kocha Odhis. Alinitumia picha ya jezi mpya za timu ya wasichana ya Section 58, mtaa wetu wa Nakuru, zimekunjwa vizuri mezani, na chini yake ameandika: "Madam graduate, Jumapili wewe ndiye utawapa wasichana jezi. Ndiwe namba saba wetu wa kwanza kucheza kwa stadium Nairobi. Usiniletee story ya uko busy." Busy na nini? Tangu nihitimu, shughuli yangu kubwa ni kutuma maombi ya kazi, kisha kujuta jinsi nilivyoyaandika. Niliitazama ile picha nikasikia harufu ambayo haiwezi kutoka kwenye simu: harufu ya jezi iliyolowa jasho la mtu mwingine.

Acha niwaeleze harufu hiyo, maana mambo yote yalianzia hapo.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Timu yetu ilikuwa na wachezaji kumi na sita na jezi kumi na moja. Zamani zilikuwa kumi na tano, lakini moja iliibwa kwenye kamba ya nguo, moja ikaungua kwa pasi, na mbili zilihama kutoka Nakuru pamoja na waliozivaa. Kwa hiyo aliyetoka uwanjani alimvulia aliyeingia. Na kwa kuwa tulikuwa wasichana, wenzetu wanne walishika leso mbili za mama zetu kando ya mstari, wakatuzunguka, nasi tukabadilishana humo ndani mbio mbio huku refa akifoka, "Hiyo saluni yenu ifungwe, mechi inaendelea!" Jezi ilikufikia ikiwa ya moto na nzito, inanuka vumbi, sabuni ya kipande na dawa ya kuchua. Kuivaa kulikuwa kama kuingia katikati ya mbio za mtu mwingine.

Namba saba niligawana na Zuhura. Mama yake alikuwa fundi wa kushona, na ndiye aliyekata zile namba kutoka vipande vyeusi vilivyobaki kwenye suruali za shule. Zuhura alicheza nusu ya kwanza, mimi ya pili, na kila mtu alijua sababu. Zuhura aliucheza mpira, mimi niliufikiria. Ukija kwangu nilijiuliza niupige vipi, na nikipata jibu ulikuwa umeshaenda. "Nafula, hiyo si hesabu!" Kocha alipiga kelele. "Piga tu, mama!"

Namba kwetu hazikuwa mchezo. Kaka zetu walitufundisha kwamba kumi ni ya fundi, tisa ni ya muuaji, na saba ni ya mwenye kiburi, anayepita pembeni akiwaacha mabeki wamekaa chini. Zuhura aliweza kukusimulia fainali ya dunia iliyochezwa kabla hatujazaliwa kwa namba tupu. "Kumi akampa nane, nane akamrudishia, kumi akainua kichwa... wacha!" Tulishangilia hapo kwenye ngazi za ploti tulimopanga kana kwamba goli limefungwa dakika hiyo, mpaka mama mmoja wa ghorofa ya juu akatumwagia maji.

Fainali yetu wenyewe ilikuwa dhidi ya Lanet. Walikuja na jezi kamili, soksi zinafanana, hata nywele wamesuka mtindo mmoja. "Hawa wamekuja harusi," Zuhura akasema, "na sisi ndio tutakula keki." Tulicheka. Kando ya uwanja, kwenye kiti cha plastiki, alikuwa ameketi mama mwenye kofia na daftari. Tuliambiwa angechagua msichana mmoja kutoka kila timu, waende Nairobi kucheza uwanja mkubwa kabla ya mechi ya timu ya taifa ya wanawake. Msichana mmoja tu!

Lanet walifunga mapema. Halafu Zuhura akaamka. Nawaambia, nimetazama mechi nyingi tangu siku ile, kwenye skrini kubwa na ndogo, na bado sijaona kitu kama kile. Aliupokea mpira kwenye mstari, akamwacha wa kwanza, akampita wa pili, vumbi likainuka hadi hatukumwona, kisha akatokea ndani ya boksi, peke yake, na mguu wake wa kushoto ukaachilia kombora. Wavu hatukuwa nao. Mpira ulipita kati ya milingoti, ukavuka barabara, ukaangusha beseni la nyanya. Hata muuza nyanya alishangilia kwanza ndipo akatukana.

Mapumziko yalipofika tukaingia ndani ya leso. "Shika," aliniambia akihema. "Bado ina goli ndani."

Na ilikuwa nalo. Dakika ya mwisho, tukiwa sare ya bao moja, kona ikapigwa. Nilisimama karibu na lango nikifikiria kama nipige kichwa au nisubiri, mpira ukanigonga kwenye ugoko ukaingia. Basi! Sikujua hata limeingia mpaka niliposikia uwanja mzima unaunguruma na watu wakanirukia. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuwa nafikiria chochote.

Ndipo yule mama akaja na daftari lake. Kocha alikuwa mbali, amebebwa juu juu na wazazi.

"Namba saba ni nani?"

Jezi ilikuwa mwilini mwangu. Zuhura alisimama kando yangu, amevaa sweta ya shule, akikunja leso.

"Ni mimi," nikasema.

Mama akasoma alichoandika. "Saba. Ana mbio. Anaingia ndani kwa mguu wa kushoto." Akainua kalamu. "Jina?"

Mguu wangu wa kushoto ulikuwa wa kupandia ngazi tu. Nilielewa palepale anamtaka nani. Nilimtazama Zuhura, yeye alitazama leso. Akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Nafula," nikasema. "Nafula wa Section 58."

Kocha alipoambiwa, alinitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Umefunga goli. Sawa." Nimeishi kwa hiyo "sawa" miaka kumi na mitatu. Nilienda Nairobi. Zuhura alikuja mazoezini mara mbili zaidi, kisha akaacha. Wengine walisema ni kazi za mama yake, wengine wakasema amekua. Hatukugombana. Tulipokutana njiani tulisalimiana tu, "sasa," "poa," kila mtu akaenda zake.

Nilipokuwa mtoto nilidhani ukimya wake ulikuwa ruhusa. Wakubwa walituambia kimya kingi kina mshindo mkubwa, lakini nilifikiri wanazungumzia mvua. Leo najua kwamba leso mbili hazikunjwi kwa muda ule wote. Alikuwa ananipa nafasi. Alinipa nafasi nyingi, moja baada ya nyingine, kwa mikono yake, na mimi nikazitumia zote kutaja jina langu.

Ijumaa nilimpigia Kocha. "Jezi azipeane Zuhura."

"Sawa," akasema, "lakini kumwambia ni kazi yako, si yangu."

Jumamosi nikaenda Lanet, anakoishi Zuhura siku hizi na kufundisha watoto wa chekechea. Nilimkuta nje, anasugua viatu vya mwanawe. Njiani nilikuwa nimeandika kwenye simu hotuba ya aya tatu. Sikuifungua.

"Zuhura, yule mama wa daftari alikutaka wewe."

"Najua."

"Na mimi nilijua. Palepale."

"Hiyo pia najua." Akaendelea kusugua. "Miaka kumi na mitatu, Nafula! Wewe hata kusema pole unafanyia mazoezi?"

Nikamwambia kuhusu Jumapili. Alisuuza kiatu, akakiegemeza ukutani, akakitazama kana kwamba ndicho kinachosubiri jibu.

"Nitakuja," akasema. "Lakini si kwa sababu yako. Nakuja kwa hao wasichana."

"Sawa."

"Na usinililie hapa, majirani watadhani nimekupiga." Akanisogezea ndoo, akaigeuza juu chini. "Keti. Nataka kujua huo uwanja ulikuwaje. Nyasi, vyoo, watu, kila kitu. Na usifupishe."

Nikaketi juu ya ile ndoo, nikaanza na lango la wachezaji.