Koti la Baba Lisilomkaa

Nimeshona suti za maarusi na sare za shule, lakini kazi iliyonipandisha wazimu wa furaha ni koti la baba. Alikuwa amekuja Nairobi kutoka kwetu magharibi kutazamwa macho, na daktari akamwambia wazi kwamba kufikia mavuno hataona tena. Basi akataka jambo moja tu: apigwe picha akiwa askari, aione mwenyewe kabla ya giza. Koti lake la Vita vya Kwanza vya Dunia lilikwishaliwa na mchwa zamani.

Wiki nzima mapazia ya memsahibu mmoja wa Lavington yalilala rafuni bila kushonwa. Nilizunguka mjini kutafuta kaki nzito, nikapata vifungo vya shaba Kariakor, na kila jioni baba alinieleza: kiraka begani, pale kinapokaa kitako cha bunduki, mifuko minne nje, na kamfuko kadogo ndani ya pindo, ka bendeji. Nilikuwa nikicheka peke yangu kwenye cherehani. Nilijiona fundi wa mafundi wote wa River Road.

Siku ya kujaribu, koti lilimkaa baba barabara, mabega, kifua na mikono. Nikarudi nyuma nisifiwe. Akajipapasa, uso ukamshuka.

"Hii koti si yangu," akasema. "Hii ni ya ofisa."

"Baba, nimekupima mara tatu."

"Hapo ndipo umekosea. Sisi nani alitupima? Tulirushiwa tu. Yangu ilikuwa ya mtu mkubwa. Mikono ilipita vidole, nikakunja, nikashona mwenyewe."

Nilikasirika, sikatai. Kisha hamu ikanirudia maradufu. Nikanunua kaki nyingine, nikakata bila kumpima mtu yeyote, jambo ambalo fundi hafanyi. Baba akaikunja mikono na kuishona mwenyewe kwa kupapasa, mishono mikubwa iliyopinda. Alipolivaa, mkono wake ulienda wenyewe pindoni, ukakuta kale kamfuko.

Studioni, mpiga picha alitaka kulivuta koti kwa nyuma lisimpwaye. Nilimkataza kwa sauti hata wateja wakageuka.

Picha ilipotoka, baba aliipeleka mlangoni kwenye mwanga, akaisogeza karibu na pua. Akaitazama sana, akaanza kucheka.

"Ona hii kijana," akasema. "Koti imemmeza."

Mimi pichani nilikuwa naona mzee mwenye mvi. Nilifurahi mno, sikumwambia.