Ndara za Mwenye Duka

Fundi viatu huongea na viatu, maana siku hizi wenye viatu hawaongei naye. "Wewe nawe, umekanyaga nini?" hukiuliza kiatu alichokibana kwa magoti. Tangu watu wa kanisani kwake watupiane mawe na watu wa msikiti ulio mbele ya kibanda chake, wa msikitini wanamwona adui, na wa kanisani wanamwona msaliti kwa kukataa kuhama. Jumapili, kanisani, benchi analokalia lina nafasi tele.

Leo mvua imeanza watu wakiwa ndani wanaswali. Fundi ameacha vifaa vyake vilowe, akakimbilia ngazi za msikiti kuanua viatu, akavipanga chini ya turubai lake, ncha zikitazama barabarani ili kila mtu avae na kwenda. Miongoni mwavyo zimo ndara za ngozi za mwenye duka la vitambaa, yule aliyempindulia sanduku la misumari wiki iliyopita akifoka: "Hatutaki kafiri hapa!" Mkanda wa moja unaning'inia. Fundi anaguna. "Bwana wako kanikosea. Wewe je?" Anaushona upesi, akikata uzi kwa meno, huku akimwombea yule bwana kwa Yesu, kwa sauti ya chini, kama anavyowaombea wanawe.

Mwenye duka anatoka, anachomeka miguu, anakwenda zake bila hata kumtupia jicho. Fundi anaufuata ule mkanda kwa macho mpaka konani.

"Mshike vizuri," anauambia. "Kuna utelezi."