Fundo la Jezi ya Kipa

Kila nikifua jezi ya mjukuu wangu hapa Ruangwa, harufu ya sabuni ya mche hunirudisha Nachingwea, kwenye beseni la mama. Enzi hizo vijana wapigania uhuru kutoka ng'ambo ya mto Ruvuma walijifunza vita kambini, na Jumapili walicheza mpira na timu yetu ya mtaani. Mama ndiye aliyewafulia jezi.

"Kipa gani anatoka jasho hivi?" mama alimtania kipa wao.

"Mabeki wangu wamelala, Mama!"

Kipa huyo alipopangiwa kwenda vitani, alifunga fundo kwenye pindo la jezi yake. "Usilifungue, Mama. Nitalifungua mwenyewe nikirudi."

Kipa mpya aliazimwa jezi ile. Msimu wote mama aliifua bila kuligusa fundo.

Baada ya mechi ya mwisho, kipa mpya alikuja akasimama mlangoni na jezi mkononi, ameinamisha kichwa.

"Mama, kambini wameniambia jezi sasa ni yangu."

Mama aliipokea jezi. Fundo lilikuwa limekaza, akalifungua kwa meno. Ndani ya mikunjo kulikuwa bado na vumbi jekundu la siku lilipofungwa. Aliikunja jezi taratibu, akamrudishia bila kuifua.